Hisa Zilizopanda Mvua Ilipokatika

Jumatatu, 5 Januari

Muhtasari wa vikao una daftari lake. Hili ni langu mwenyewe, mimi Anyesi, mama Lameck, katibu wa kikundi, la yale yasiyosemwa kikaoni.

Tuko wanawake kumi na wawili, wapepetaji wa mahindi katika soko la Kibaigwa. Magunia yakishushwa tunayamwaga kwenye turubai, tunapepeta, tunachambua, tunashona. Tunalipwa kwa gunia. Miaka mitatu iliyopita Benki ya Nyanda ilipouza hisa zake kwa watu wote, tuliweka akiba yetu yote humo, hisa elfu kumi na mbili, kila mmoja elfu moja, kwa shilingi mia nne kila hisa. Hatukuwa na ujuzi wowote. Anjelina, mwenyekiti wetu, alisema tu kwamba benki ile haijawahi kukosa foleni.

Sasa kuna mfanyabiashara ameleta mashine ya kusafisha mahindi kutoka Dar. Inafanya kazi ya wanawake sita na haiombi maji ya kunywa. Tumepiga hesabu: fundi wa Dodoma mjini anatutengenezea ya kwetu kwa milioni saba. Hisa ikifika mia sita, tunauza zote na tunanunua mashine. Novemba ilifika mia tano na ishirini, tukaanza kugombania nani ataiwasha. Watu wa hali ya hewa wakatangaza mvua haba, hisa ikaanza kushuka. Leo ni mia tatu na tisini.

Alhamisi, 8 Januari

Mvua nzuri asubuhi. Mahindi ya Petro, mume wangu, yamefika magotini.

Jumamosi, 17 Januari

Siku ya tisa bila tone. Kilo ya mahindi sokoni imetoka mia nane hadi mia tisa na hamsini, na mashambani hayajakauka bado! Matonya, dalali wa mahindi, anazunguka na simu mbili akipiga kelele kama mnadani. Simpendi. Mtu akilia, yeye anauliza bei.

Jumapili, 25 Januari

Tumeombea mvua kanisani. Tulipotoka nje, jua lilikuwa limetusubiri mlangoni. Hisa: mia tatu na sabini.

Jumamosi, 31 Januari

Leo nimeona jambo ambalo sijaliona kwa miaka kumi na mbili ya soko hili.

Saa nne asubuhi redio ya muuza sukari ilitangaza kwamba mahindi ya wilaya yetu yameungua, zaidi ya nusu. Makuli walisimama na magunia mabegani. Nikasema moyoni, haya, sasa kilo itafika elfu moja na mia tano, tutakula majani.

Bei ikashuka.

Asubuhi ilikuwa elfu moja na mia moja. Saa sita ilikuwa elfu moja na hamsini. Saa tisa alasiri, mia tisa na themanini! Mafuso ya mahindi yaliyokuwa yamefichwa kwenye yadi yalifunguliwa moja baada ya jingine, kila mwenye mzigo anauza mbio mbio kama anayefukuzwa na nyuki.

Sikuvumilia. Nilimfuata Matonya, mimi ambaye salamu tu huwa naipunguza.

"Bwana Matonya, nieleze. Habari mbaya imekuja na bei imeshuka. Soko limerukwa na akili?"

Alicheka, akanisogezea ndoo nikae.

"Mama Lameck, hiyo habari imekuja leo kwako. Kwa wenye magunia ilikuja wiki tatu zilizopita, siku mvua ilipokata. Kila aliyeogopa njaa alishanunua. Nani amebaki wa kununua leo?"

"Lakini njaa yenyewe ndiyo inaanza."

"Inaanza, ndiyo. Bei haingoji njaa ifike. Bei inamtazama mtu wa Songea anayepakia lori usiku huu. Inatazama ghala la serikali litakalofunguliwa kwa sababu ya tangazo hilo hilo. Sisi tunauza bei ya mwezi wa tatu, mama. Ya leo tumeshaiuza zamani."

Nimerudi kwenye turubai langu nikapepeta gunia zima bila kujua ninachopepeta. Tuseme hofu ya watu ndiyo iliyopandisha mahindi kabla ya mahindi kuungua, na siku yalipothibitika kuungua bei haikuwa na mahali tena pa kupanda. Basi hisa zetu, zilizoshuka tangu Desemba kwa hofu ya ukame, zimebakiwa na nini cha kuogopa?

Jumanne, 3 Februari

Nimempigia Witness, wakala wetu wa hisa pale Dodoma mjini. Ni binti mdogo, kila mara ananiamkia shikamoo kabla sijajitambulisha. Nilimweleza habari ya mahindi. Akasema, "Mama, umenifundisha somo la muhula mzima."

Akaniongezea lake. Anasema matajiri wakubwa, mifuko ya pensheni na wengine, wamezoea kuikopesha serikali kwa hati fungani, lakini riba ya hati mpya imeanza kushuka. Fedha ile haiwezi kukaa bure, itatafuta pengine. Benki ya Nyanda nayo itatangaza matokeo yake ya mwaka mwezi huu. Watu wanategemea hasara, kwa sababu ya wakulima walioshindwa kulipa mikopo.

"Ikitangaza hasara?"

"Wanaitegemea, mama. Labda itashuka kidogo. Ikitangaza chochote kilicho afadhali ya hasara..." Hakumalizia. "Lakini msije mkasema Witness aliahidi. Hakuna anayejua."

Hakuna anayejua! Mbona basi naamini?

Ijumaa, 6 Februari

Kikao. Nitaandika chote.

Anjelina alifungua kwa sala, akaketi, akasema bila kuzunguka: "Tuuze. Leo. Mafuta yamepanda, mahindi yameungua, kila mtu anasema mwaka huu ni mbaya. Hisa ni mia tatu sitini na tano. Tukingoja zitakuwa karatasi."

Nilisimama. Mimi si msemaji, lakini leo maneno yalikuja yenyewe. Niliwaambia wakumbuke Jumamosi. Kila mmoja alikuwepo, kila mmoja aliona mahindi yakishuka siku ya msiba. Nikasema aliyetaka kukimbia hisa alishakimbia Desemba, na sisi tukiuza leo tunamuuzia mtu anayecheka.

"Hisa si mahindi," Anjelina akasema.

"Wanaonunua ni watu wale wale, wenye hofu ile ile."

"Watu hao wanakula wapi, Anyesi?"

Sikuelewa alichouliza. Nilidhani ananikebehi, nami nikajibu kwa ukali kwamba mwenyekiti anayetetemeka anaangusha na walio nyuma yake. Wengine waliguna. Evarista, mkubwa wetu kwa umri, akasema tupige kura. Saba walikataa kuuza, watano walitaka.

Anjelina hakugomba. Alifungua katiba yetu, ukurasa wa tatu, akausoma kwa sauti: mwanachama anayetaka kutoka anauza fungu lake kwa mwanachama mwingine kwa bei ya siku. "Nauza langu," akasema. "Nani ananunua?"

Kila mtu alitazama vidole vyake. Kisha nikaona mkono umenyooka, na mkono huo ulikuwa wangu.

Jumamosi, 7 Februari

Petro alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa ameshika jembe ambalo halina cha kulima.

"Mke wangu, mbuzi ukimuuza unajua umeuza nini. Akiumwa unamwona. Hisa ikiumwa utaijuaje?"

"Nitampigia Witness."

"Na huyo Witness akiumwa?"

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Kisha akaenda zizini mwenyewe akatoa wanne wa kuuza. Mtu huyu Mungu alinipa bila kumwomba.

Jumatatu, 9 Februari

Nimempa Anjelina laki tatu na sitini na tano. Amezihesabu, amesaini, ameondoka. Hakusema hata asante. Sasa nina mafungu mawili. Mwoga! Nilikuwa nadhani namjua.

Jumamosi, 14 Februari

Mia tatu na hamsini na tano. Jua. Petro anatazama zizi tu, na hilo ndilo baya zaidi.

Alhamisi, 19 Februari

Mia tatu na hamsini. Nimeota mbuzi.

Jumanne, 24 Februari

Leo! Leo! Leo!

Witness alipiga saa tano, hata shikamoo alisahau. Benki imetangaza. Faida imeshuka kwa theluthi nzima, magazeti yameandika "mwaka mchungu". Nikataka kukata simu. "Mama, usikate simu! Imeshuka, lakini ni faida bado! Watu walishajiandaa kwa hasara. Wakulima wengi wamelipa kuliko ilivyodhaniwa. Hisa iko mia nne na kumi na bado wanagombania!"

Nilipiga kigelegele katikati ya soko. Makuli waliuliza ni harusi ya nani. Niliwaambia benki imepata mwaka mbaya, wakanitazama kama mtu wa kupelekwa kwa daktari.

Jumamosi, 28 Februari

Mia nne arobaini. Mawingu upande wa Mpwapwa, lakini yamepita. Gazeti: vyakula vimepanda bei nchi nzima.

Jumatano, 4 Machi

Mia nne tisini! Riba ya hati fungani imeshuka tena. Evarista, ambaye alipiga kura ya kuuza, amenishika mkono akasema, "Mwanangu, na mimi nilikuwa nakimbia." Nikamwambia sote tulikuwa tunakimbia, mimi nilijikwaa tu nikaanguka upande wenye faida. Nilitaka Anjelina asikie. Lakini Anjelina hajapepeta nasi tangu siku ile.

Jumatano, 11 Machi

Matonya ameniletea habari bila kuulizwa. Anjelina yuko ng'ambo ya barabara, kwenye maegesho ya malori. Anapika.

"Anapika nini?"

"Makande. Ugali wa mtama na mlenda kwa wanaotaka. Pale kwake unapanga foleni. Hujui? Msimu wa njaa ndio makuli wanakula sokoni, kwa sababu nyumbani hakuna kinachopikwa."

Halafu akaniambia jingine, taratibu, na sauti yake ya mnada ikiwa imezimika. Shamba la Anjelina la Pandambili liliungua lote tangu katikati ya Januari. Nyumbani kwake wanakaa mama yake na watoto watano wa marehemu dada yake. Wiki ile ya kikao walikuwa wanakula mara moja kwa siku, uji.

"Wewe umejuaje?"

"Alikuja kukopa gunia. Nilimpa mawili." Akageuka upesi akaanza kumfokea dereva ambaye hakuwa na kosa.

Watu hao wanakula wapi, Anyesi? Hilo ndilo aliloniuliza mbele ya wote: wanaoweza kungoja ni walioshiba. Nami nikamwita mtetemekaji, nikanunua fungu lake siku hisa zilipokuwa karibu kabisa na chini. Nilijua zitapanda! Au niliamini hivyo, na mbele ya mwenye njaa tofauti yake ni ndogo.

Jumanne, 17 Machi

Mia tano sitini. Nimejaribu kufurahi, na kusema kweli nimefurahi. Siwezi kudanganya daftari langu. Kisha nikaionea aibu furaha yangu, kama mtu anayekula amejificha.

Jumanne, 24 Machi

MIA SITA NA KUMI.

Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu siwezi kupiga kelele, Petro amelala na homa. Tulikuwa kumi na mmoja tumezunguka simu moja iliyowekwa juu ya gunia. Witness akauliza, "Niuze zote, mama?" Baadhi wakasema tungoje mia saba. Nikasema hapana. Tulisema mia sita tangu mwanzo. Kilichotuokoa Februari ni kutoendeshwa na hofu, na leo tusiendeshwe na tamaa, maana hiyo nayo ina mjeledi wake. Mikono yote kumi na moja ikapanda. "Uza, mwanangu!"

Tukacheza. Evarista alicheza na magoti yake yale! Vumbi la pumba lilipanda kama moshi, Matonya akaingia katikati akarusha kofia yake, na wafanyabiashara wa Dar wakasimama kupiga picha.

Ijumaa, 27 Machi

Fedha zimeingia. Baada ya ada, milioni saba na laki moja na ushee. Fundi ameshalipwa malipo ya kwanza. Na mvua imenyesha jioni, nzito, iliyochelewa. Haitafufua mahindi, ila mtama na uwele vitapona.

Jumapili, 29 Machi

Baada ya ibada ya Matawi nilivuka barabara.

Anjelina alikuwa anakoroga makande kwenye sufuria kubwa kuliko ya harusi. Hakusimama. "Karibu, katibu. Unakula?"

Nilikula kwanza, kwa sababu nilishindwa kuanza. Makande yana karanga, matamu mno. Kisha nikasema yote niliyoyapanga: kwamba sikujua habari za nyumbani kwake, kwamba nilimtukana kikaoni, kwamba fungu lake ninalo bado, sasa ni fungu la mashine, na nataka alichukue kwa bei ile ile, laki tatu na sitini na tano, alipe akipata, au asilipe.

Aliweka mwiko chini.

"Anyesi, siku ile mia tatu sitini na tano ndiyo ilikuwa bei?"

"Ndiyo."

"Kuna mwingine aliyetoa zaidi?"

"Hakuna."

"Hata mmoja hakunyoosha mkono. Wewe ulinyoosha. Kwa fedha ile nilinunua magunia matatu siku za mahindi kushuka, yale yale uliyoyahubiri. Hukuona ulichokuwa unasema? Moja tumekula. Mawili yameingia kwenye sufuria hii, yakazaa mengine." Akanitazama. "Nilikuelewa kabisa kikaoni. Hisa zingepanda, nililiona hilo. Lakini watoto hawawezi kungoja Machi. Nilinunua chakula, na nilinunua vizuri. Sasa usinifanye maskini mara ya pili."

Makuli walikuwa wamenyanyua vichwa kutoka kwenye sahani. Nilitamani ardhi inifiche. Akanipakulia kijiko kingine, akaniambia nilipe kama wengine. Nililipa.

Jumatatu, 30 Machi

Siandiki. Najifikiria.

Alhamisi, 2 Aprili

Witness anasema tangu mvua inyeshe magazeti yote yana habari njema, na hisa za Nyanda zimeteremka hadi mia tano na tisini. Nilicheka peke yangu njiani mpaka bodaboda akasimama kuniuliza kama niko salama.

Jumamosi, 11 Aprili

Mashine imefika! Kijani, imefungwa kamba juu ya fuso kama bibi harusi. Makuli wanane waliishusha bila kudai hata senti. Ilipowashwa ardhi ilitetemeka, na mahindi yakatoka upande wa pili meupe, safi, bila hata pumba. Gunia la kwanza dakika sita! Evarista aliingiza mkono kwenye mahindi akalia. Hata yule mwenye mashine ya Dar alikuja kuuliza bei yetu kwa gunia. Tulimtajia, akaguna.

Furaha kubwa, lakini kila mara niligeuka kutafuta mtu mmoja wa kumtazama usoni.

Jumamosi, 18 Aprili

Kikao cha kwanza cha wenye mashine. Ajenda ya kwanza ilikuwa kuchagua mwenyekiti, maana katiba inasema asiye na fungu hawezi kukiongoza kikundi. Wenzangu walishanong'ona jina langu tangu jana. Nilikataa mara mbili, wakadhani ni adabu.

Tulikuwa tumeketi kuizunguka mashine. Nilikuwa ndiyo kwanza nimesimama kufungua kikao kama katibu, nikamwona Anjelina anavuka barabara. Amevaa kitenge cha kanisani. Alikuja mpaka mbele yangu, akafungua fundo la kitenge.

"Nimesikia kuna mwanachama ana mafungu mawili," alisema. "Nataka kununua moja, kwa bei mliyouzia hisa. Mia sita na kumi, mara elfu moja."

"Dada, nilikuambia..."

"Ulishaniambia, nami nikakujibu. Februari nilikuuzia kwa bei ya siku. Leo niuzie kwa bei ya siku. Au bei ya siku ni ya mwenye shida peke yake?"

Nilitazama mikono yake, imeungua hapa na pale kwa mvuke. Nilitaka kusema hapana, nichukue nusu, nichukue ile ya mbuzi tu. Nikaona nikisema hivyo nitamvua kitenge mbele za watu.

"Nauza," nikasema.

Akaniwekea noti mkononi. "Hesabu. Usinihurumie."

Nikahesabu mbele ya wanawake wote, noti moja moja, kwa sauti. Nyingi zilikuwa za elfu mbili na elfu moja, zimelainika, zinanuka karanga na moshi. Nilipofika laki sita nilimpa Evarista zilizobaki, akanimalizia. Haikupungua hata mia.

Nikaandika jina lake kwenye orodha, wa kumi na mbili. Nikasogea, nikamwachia kiti.

Anjelina akaketi, akatutazama mmoja mmoja mpaka akamaliza. Kisha mwenyekiti wetu akafungua kikao.